Dogo anafungiwa, aliyempunguzia umri yupo tu

Kila yakikaribia mashindano ya CECAFA (soka la Afrika Mashariki na Kati) ya U-17, yaani vijana wasiozidi miaka 17, zinaanza zile picha mitandaoni, dogo ana ndevu tatu kidevuni basi chini watu wanamiminika, "huyu ana watoto wawili", "huyu kasoma na baba yangu". Juzi nimeziona tena na zimenikera kweli, maana anayeitwa kijeba, yaani aliyezidi umri, mbele ya nchi nzima ni mtoto, mtu mzima aliyempeleka pale hatajwi kabisa.

Mnakumbuka Burundi 2018. Kanuni ilitaka mchezaji awe amezaliwa kuanzia Januari 1, 2002, Zanzibar wakaenda na vijana waliozaliwa kabla ya hapo, timu ikaondolewa, ikapigwa faini ya dola 15,000 na kufungiwa mwaka mmoja. Tanzania Bara wakabeba kombe kwa kuwafunga Somalia 2-0 maisha yakaendelea. Sasa niambieni, yule dogo wa kule ndiye aliyesoma kanuni? Ndiye aliyepanga kikosi akakipeleka? Yeye aliitwa kambini, akafurahi, mama yake akatangazia mtaa mzima kwamba mwanangu anaenda kuwakilisha nchi, halafu anarudi na begi lake kabla mashindano hayajaisha.

Na haya hayaanzii timu ya taifa. Niliwahi kushika fomu ya mchezaji wa mashindano ya shule, fomu nzima imejazwa kwa peni ya bluu, ila mwaka wa kuzaliwa umepakwa ile dawa nyeupe ya kufutia na juu yake umeandikwa upya kwa peni nyeusi, mwandiko wa mtu mwingine kabisa. Nikamuuliza kijana una miaka mingapi, akamwangalia kwanza mwalimu wake. Hakujibu mpaka mwalimu alipojibu. Huyo dogo ana kosa gani hapo? Angekataa angeachwa, na mpira ndio kila kitu alichonacho.

Sawa, mashine ya kupima umri, MRI, imesaidia, hilo nakubali. Tangu FIFA waanze kuitumia kwenye Kombe la Dunia la U-17 Nigeria 2009, wanapiga picha kifundo cha mkono kuona kama mfupa umeshafunga pale unapokulia, ujanja umepungua. Na najua pia kila kijeba anayeingia kuna mtoto halali wa miaka 15 kaachwa nyumbani, hilo linaniuma pia. Ila mashine inamkamata mwenye mkono tu, aliyeshika peni haimgusi.



Ninachotaka ni hivi: vipimo vifanyike nyumbani kabla kikosi hakijatangazwa, kimya kimya, dogo akizidi umri apelekwe U-20 bila jina lake kuanikwa. Na kila fomu iwe na jina na saini ya mtu mzima aliyethibitisha tarehe, ikigundulika ni ya uongo afungiwe yeye, kocha awe au kiongozi, miaka kabisa, na jina lake litangazwe kama tunavyotangaza ya hawa watoto. Chama kulipa faini hakimuumizi yeyote, ile pesa haitoki mfukoni kwa aliyesaini.