Kwenye tablo hakuna mstari wa magoti

Juzi Jumapili mtoto wa shangazi, aliyeko Lubumbashi mwaka wa kumi sasa, ametuma tablo, yaani jedwali, kwenye grupu ya familia. Miji mitatu ya Kongo: Goma, Bukavu, Lubumbashi. Usalama, mshahara, shule, pango, umeme, kila kimoja alama juu ya kumi. Lubumbashi imepata 38, sisi Bukavu 19. Chini yake ameandika: "Hesabu haidanganyi, hameni." Asante, mwalimu.

Nimeisoma mara tatu nikitafuta mstari wa magoti. Haupo.

Kutoka kwetu hapa Kadutu, mlimani Bukavu, hadi pale pikipiki zinapofika kuna ngazi 114. Nimezihesabu mwenyewe, na bidoni ya maji mkononi. Baadhi ni za saruji, nyingine ni magunia ya mchanga, na chache zilikwenda na mvua, siku hizi miguu ndiyo inakumbuka zilikuwa wapi. Mama ana miaka 71. Siku ya misa anatoka nyumbani saa nzima kabla yetu. Wageni wanausifu mji huu, eti vidole vitano vimechovya Ziwa Kivu. Basi, wavipande hivyo vidole na gunia la makaa mgongoni, halafu watuhadithie mandhari.

Mwaka jana, usiku, presha ilimpanda. Motari, dereva wa pikipiki, alifika juu, akapiga honi, basi, angeshukaje? Vijana wanne wa avenyu walimbeba kwenye kiti cha plastiki, mmoja akimulika kwa simu, mimi nyuma na sandali zake mkononi. Tipoyi ya wakati wetu, kile kiti cha kubebea wakubwa zamani! Katikati ya mlima mguu wa kiti ukavunjika. Mama, hata pumzi hana, anauliza: "Kiti ni cha nani? Tutalipa."

Kwa hiyo mnisamehe. Mshahara nitahangaika nao popote, lakini magoti mengine ya mama siyapati sokoni Nyawera. Nataka mji tambarare. Hayo mengine mjaze mnavyotaka.

Goma ni tambarare, sikatai. Ila ni tambarare ya mawe ya volkeno, ukipanda pikipiki pale uti wa mgongo unasoma kila jiwe. Na volkeno yenyewe, Nyiragongo, haisubiri tablo ya mtu: 2002 ilipita katikati ya mji, na Mei 2021 tukashuka bandarini kuwapokea jamaa waliokimbia. Tulilala watu kumi na mmoja sebuleni. Goma nimeifuta.

Imebaki Lubumbashi, na inaniuma kukubali kwamba yule bwana ana haki, ingawa kwa sababu ambayo hakuiandika. Kule mzee anatoka mlangoni anatembea hadi sokoni bila kupanda hata kichuguu. Kazi za migodi zipo, shule zipo, sawa. Lakini mbona hakuweka mstari wa garanti, ile amana ya kupangia nyumba? Sheria ya 2015 inasema kwa nyumba ya kuishi isizidi kodi ya miezi mitatu. Mwenye nyumba mmoja alinitajia sita kwa simu, na komisioneri wake, yaani dalali, akataka chake kabla sijaona hata picha ya choo. Na baridi ya Juni na Julai je? Asubuhi za kule watu wanavaa makoti. Magoti na baridi, nani amewahi kuyapatanisha? Hapo ndipo hoja yangu inapochechemea, ninajua.

Na safari yenyewe! Tangu mwanzo wa 2025 ndege za Kavumu, uwanja wetu wa Bukavu, zilipokatika, mtu wa hapa anazunguka kwa majirani. Kwa barabara unapita Tanzania na Zambia, hadi mpakani Kasumbalesa, pasipoti mkononi, ili utoke Kongo uingie Kongo.

Mama mwenyewe ana tablo yake. Mstari wa kwanza ni sambaza, samaki wadogo wa ziwa letu: "Kule nitakula nini, tomsoni, samaki wa friza?" Wa pili ni ugali, bukari kama wanavyouita wao, bugali kwetu. Anasema bugali ikibadilishwa jina inabadilika na ladha. Wa tatu hautaji, ila nimeuona. Kwenye ngazi ya 61 kuna mama jirani ambaye, akisikia fimbo ya mama inagonga, anatoa stuli nje kabla hajafika. Wanakaa hapo nusu saa, wanasengenya mtaa mzima. Huo mstari sijui niupe ngapi juu ya kumi. Nimejaribu kuuacha wazi, nao unanitazama.

Hata hivyo nimemjibu mtoto wa shangazi: tafuta nyumba, karibu na kanisa, chini kabisa, isiwe na ngazi. Jana ametuma picha. Nyumba nzuri, ua wa kutosha, mwembe. Mama amechukua simu, ameikuza picha kwa vidole viwili, amekaa kimya, kisha akaniwekea simu puani.

"Na hizi tatu za hapa mlangoni?"