Mtaalamu aliyeliona jiko la dada yangu

Mtoto wa dada yangu ana miaka minane na kifafa kikali. Zipo siku anaanguka mara tatu, zipo siku hatuhesabu. Dawa mbili anazomeza zimepunguza, hazijamaliza. Wanaishi kijijini, upande wa Mahenge wilayani Ulanga, Tanzania, ambako ugonjwa huu una historia ndefu: mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari Mnorwe, Louise Jilek-Aall, aliendesha kliniki ya kifafa huko kwa watu waliokuwa wakiugua bila dawa.

Kwa miaka miwili dada alikuwa anampeleka mjini kwa tiba kwa vitendo, ile inayomfundisha mtoto kula, kuvaa, kuoga na kucheza na wenzake. Waliamka saa nane usiku kuwahi basi. Kukosa usingizi ni moja ya mambo yanayochochea kifafa, na dozi ya asubuhi ilimezwa garini, mara nyingine ikatapikwa. Mtoto akafika hospitalini ameshaanguka njiani, na aliyetoka kuanguka hulala. Kwa hiyo mtaalamu alikuwa anamhudumia mtoto aliyelala. Nusu saa, halafu tarehe ya miezi mitatu mbele. Nasema bila kuficha kwamba safari zile zilikuwa zinamwumiza.

Tangu mwaka jana anahudumiwa kwa simu na mtaalamu mwingine. Alimwona kwanza ana kwa ana, na hilo nalitetea: namna mtoto anavyomeza huwezi kuipima kwa picha inayokatikakatika, na akipaliwa chakula kinaweza kuingia mapafuni. Baada ya hapo ni kila wiki mbili, kwa video mtandao ukikubali, kwa sauti tupu ukikataa. Siku ya kwanza hakuanza na viungo vya mtoto. Alisema, "Mama, naomba unionyeshe unapopikia."

Mafiga matatu, chini kabisa, pale pale mtoto anapopita kutwa. Miaka miwili ya kwenda mjini hakuna aliyeyaona mafiga yale, wala aliyeuliza. Wenye watoto wa kifafa vijijini wanajua makovu ya moto yanatoka wapi. Wiki ile ile shemeji alijenga jiko la udongo la kufika kiunoni, akaweka ukingo wa matofali mbele yake. Godoro likashushwa sakafuni. Kuoga kukawa kwa kopo, mtoto amekaa kwenye kigoda, beseni lililojaa likaondolewa na mlango haufungwi tena kwa komeo. Mpini wa kijiko ukaviringwa mpira wa tyubu ya baiskeli ili mkono wake uushike. Kiti cha kumshikilia mgongo kilitengenezwa kwa maboksi yaliyogandishwa kwa gundi ya unga, dada akisoma vipimo kwa futi ya fundi, mtaalamu akiandika upande wa pili.

Na kuna bibi. Wapo wanaoamini povu la mgonjwa linaambukiza, na mama mkwe wa dada alikuwa mmoja wao. Sahani ya mjukuu aliitenga, na hakuwahi kumlisha. Simu ikiwekwa spika alikaa pembeni akichambua mchicha, kimya. Wiki ya sita akauliza mwenyewe: "Hivi akianguka, tusimtie kijiko mdomoni asijing'ate?"

"Hapana bibi yangu, msimtie kitu chochote. Mlazeni kwa ubavu, tazameni saa. Zikipita dakika tano hajatulia, mkimbizeni kituo cha afya."

Swali lile lisingeulizwa mjini kamwe, kwa sababu bibi asingepanda basi. Ndiyo maana nakataa tiba hii kuitwa ya akiba, ya wasio na nauli. Kwa mtoto wa namna hii kazi yote iko nyumbani, na simu ndiyo iliyomfikisha mtaalamu nyumbani.

Ila lipo linaloniuma. Bando analipa dada. Mwanzoni alipewa mazoezi sita ya kila siku juu ya shamba, maji na kuni, na jioni moja alinipigia analia kwamba anamtesa mwanawe kwa kutoyamaliza. Alipomweleza mtaalamu, mazoezi yakabaki mawili, tena ndani ya shughuli za kawaida: kuvaa shati, kuchambua maharage pamoja. Mtaalamu asiyemsikiliza mama hivyo atakuwa amehamishia kazi ya hospitali mgongoni mwa mwanamke mmoja. Na serikali yetu, iliyotunga Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, iitambue simu ya mtaalamu kuwa ni mahudhurio kamili, ilipiwe kama ya kliniki, pamoja na bando la mzazi.

Jumamosi iliyopita dada alikuwa shambani, simu akapokea bibi. Mtoto alijilisha vijiko vitano vya uji. Cha sita kilimwagika, bibi akampangusa kidevu kwa kanga yake, akamjazia kingine.