Mpira uliompata Westlake

Kila tarehe 15 Aprili wachezaji wote wa ligi kuu ya besiboli Marekani huvaa jezi namba 42 kumkumbuka Jackie Robinson, mweusi aliyevunja ubaguzi wa ligi hiyo mwaka 1947, na kila mwaka najikuta namuwaza mwenzake. Dan Bankhead, mzaliwa wa Alabama, ndiye mrushaji wa kwanza mweusi katika ligi hiyo, yaani yule anayemrushia mpira mpigaji wa timu pinzani. Brooklyn Dodgers walimwingiza uwanjani Agosti 26, 1947, miezi minne tu baada ya Robinson.

Siku hiyo ilikuwa shangwe na kilio kwa pamoja. Aliposhika gongo mara ya kwanza aliubamiza mpira ukatoka nje ya uwanja. Lakini kwenye kurusha, kazi aliyoitiwa, wapigaji wa Pittsburgh waliipiga vizuri mipira yake mara 10 katika zamu tatu na ushei kati ya tisa za mechi, Dodgers wakalala 16-3. Na katikati ya kichapo hicho, mpira wake mmoja ukampata mwilini Wally Westlake, mpigaji mzungu.

Mpira huo ndio usionitoka kichwani. Mrushaji hodari hurusha karibu na mwili wa mpigaji ili arudi nyuma, asijiachie. Yaani lazima atishe. Robinson alitakiwa kuvumilia matusi, na hilo lilikuwa zito vya kutosha. Bankhead alitakiwa kumtisha mzungu kwa mpira mgumu kama jiwe, mbele ya maelfu ya watu, naye katoka Alabama, ambako mweusi aliuawa kwa makosa madogo kuliko hayo. Buck O'Neil, mkongwe wa ligi za weusi, aliamini hofu hiyo ndiyo iliyomfunga mkono. Nami naona hivyo hivyo.

Ila lawama nyingine nampelekea Branch Rickey, bosi wa Dodgers. Robinson alipewa msimu mzima Montreal, timu ya Dodgers ya daraja la chini, azoee kwanza. Bankhead alichukuliwa Memphis Red Sox, timu ya ligi za weusi, akatupwa Brooklyn moja kwa moja, kisa timu ina uhaba wa warushaji! Baadaye ndipo wakamshusha daraja, na 1949 akashinda mechi 20 hukohuko Montreal. Mwaka 1950 akarudi juu, akashinda 9. Uliofuata hakushinda hata moja, wakaachana naye. Wapenda takwimu huona ile 6.52 yake, wastani mbaya wa pointi alizoruhusu kwa kila zamu tisa, wakafunga daftari.

Alikwenda Mexico, akacheza huko hadi miaka ya 1960, mtu wa arobaini na kitu. Alifariki Houston mwaka 1976, siku moja kabla ya kutimiza miaka 56. Ule mpira alioutoa nje ya uwanja siku ya kwanza, hakupata kupiga mwingine kama huo katika ligi kuu.