Umwagiliaji wa matone Mediterania: unaokoa maji au unayamaliza?

Mwaka 2021 Moroko ilivuna takriban tani milioni 10.3 za nafaka. Mwaka 2022 ilivuna kama tani milioni 3.4. Wakulima walikuwa walewale, mashamba yaleyale, na mbegu kwa sehemu kubwa zilezile. Kilichobadilika ni mvua. Ukitaka kujua kwa nini nchi za Mediterania zinatumia fedha nyingi kutafiti umwagiliaji na mbegu zinazostahimili ukame, anza na tarakimu hizo mbili.

Hali ya hewa ya huko haimwonei mkulima huruma. Mvua hunyesha msimu wa baridi, kisha kiangazi huja kikavu kabisa, na joto kali hupanda wakati ngano inajaza punje na mizeituni inabeba matunda. MedECC, mtandao wa wanasayansi wanaofuatilia mabadiliko ya tabianchi katika ukanda huo, uliripoti mwaka 2020 kwamba joto la huko limeshapanda nyuzi 1.5 kuliko enzi za kabla ya viwanda, na linapanda kwa kasi inayozidi wastani wa dunia kwa asilimia 20. Joto likiongezeka mmea hunywa zaidi, hata kama mvua imebaki vilevile.

Jibu ambalo serikali nyingi zimelipenda ni umwagiliaji wa matone. Moroko ilipozindua Mpango wa Kijani mwaka 2008, iliweka lengo la kufikisha hekta 550,000 za matone ifikapo 2020, na ikatoa ruzuku ya asilimia 80 ya gharama, hadi asilimia 100 kwa wakulima wadogo na miradi ya pamoja. Hispania nayo ilibadilisha mifereji ya wazi kuwa mabomba katika maeneo makubwa ya nchi. Hoja yao inaeleweka kirahisi. Ukifungulia maji yatambae shambani kwa mfereji, karibu nusu yake huenda yasifikie mizizi. Ukipitisha kwenye mipira yenye matundu, kiasi cha asilimia 90 hufika kwenye mmea. Kwa hiyo, wanasema, unalima kilekile kwa maji machache, na yanayobaki yanarudi mtoni.

Mimi naamini sehemu ya kwanza ya hoja hiyo. Ya pili ndiyo yenye tatizo, na tatizo lenyewe si dogo.

Maji yanayoitwa "yaliyopotea" shambani kwa kawaida hayajapotea. Sehemu huvukizwa, na hiyo kweli imekwenda. Lakini sehemu kubwa huzama ardhini na kujaza visima vya watu wengine, au hurudi mtoni na kutumiwa na shamba la chini. Waliofuatilia mjadala wa bonde la Usangu nchini Tanzania, ambako Ruaha Mkuu ulianza kukauka kila kiangazi tangu miaka ya 1990, wanaifahamu hoja hii: maji yanayotoka kwenye majaruba ya juu ndiyo yanayoingia kwenye majaruba ya chini. Mkulima akiweka mabomba ya matone, mimea yake inakunywa karibu kila lita aliyoichota. Mita yake inaonyesha amechota kidogo kuliko zamani, lakini kiasi kinachorudi ardhini kimepungua zaidi ya hapo. Hesabu ya shamba lake inapendeza, ya bonde zima inaharibika.

Kisha kuna tabia ya binadamu. Mkulima aliyekuwa akilima ngano kwenye hekta tano kwa maji ya kubahatisha, akishapata matone na pampu, hataendelea na ngano. Atapanda vitunguu, michungwa au matikiti maji, kwa sababu sasa anaweza na soko linalipa. Hekta aliyokuwa akiiacha bila kulima nayo ataiingiza. Simlaumu hata kidogo. Anafanya ambacho mtu yeyote mwenye watoto wa kusomesha angefanya. Ndicho watafiti walichokiona katika maeneo kama Saïss na Tadla nchini Moroko. Mwaka 2017 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilitoa ripoti iliyokusanya ushahidi kutoka nchi nyingi na kukuta kwamba teknolojia hizi, zikija bila ukomo wa kisheria wa maji, mara nyingi huongeza matumizi. Mwaka uliofuata Quentin Grafton na wenzake waliandika jambo hilohilo katika jarida la *Science*.

Hata hivyo wakosoaji nao wakati mwingine huvuka mpaka. Si kila tone linalozama humfaa mtu. Katika tambarare za pwani, maji yanayotoka mashambani yanaweza kuishia baharini au kwenye maji ya chumvi chini ya ardhi, na hapo kuyazuia yasipotee ni uokoaji wa kweli. Matone pia humpunguzia mkulima kazi ya usiku kucha ya kuelekeza maji kwa jembe, na mbolea huenda kwenye mizizi badala ya kusambaa. Kwa familia iliyo ukingoni mwa umaskini, hayo ni mambo makubwa. Mtu anayesema matone hayana faida hajazungumza na anayeyatumia.

Lakini tusisahau Mar Menor, ziwa la maji ya chumvi lililo pwani ya Murcia, kusini-mashariki mwa Hispania. Mashamba ya Campo de Cartagena yanayolizunguka ni miongoni mwa yaliyotangulia kutumia matone Hispania, tena kwa ustadi mkubwa. Oktoba 2019 maelfu ya samaki walisukumwa ufukweni wakiwa wamekufa au wakitapatapa kwa kukosa oksijeni, baada ya miaka mingi ya mbolea ya mashambani kutiririkia humo. Teknolojia iliwezesha kilimo kukua hadi athari zake zikazidi uwezo wa ziwa hilo.

Upande wa miti kuna utafiti ambao naona haujapewa heshima inayostahili. Unahusu kuunyima mti maji kwa makusudi, kwa kipimo na kwa wakati. Elías Fereres na wenzake wa Córdoba, Hispania, wamekuwa miongoni mwa vinara wake. Mzeituni haudhuriki sawasawa miezi yote. Ukikosa maji wakati wa maua, mavuno yameharibika. Ukikosa mwishoni mwa kiangazi na mwanzo wa vuli, wakati tunda linatengeneza mafuta, umepoteza mafuta. Lakini katikati, kokwa linapokuwa gumu mwezi wa Julai, mti unavumilia kiu bila hasara kubwa. Na Julai ndiyo mwezi wenye uvukizi mkali kuliko yote, kwa hiyo lita unazozizuia wakati huo ni nyingi. Mafuta ya miti iliyobanwa hivi mara nyingi huwa na polifenoli nyingi zaidi, zile zinazoyapa ukali na kuyasaidia yasiharibike upesi. Mlozi nao una kipindi chake cha uvumilivu.

Ubaya wake ni chumvi. Maji ya visima vingi vya pwani yana chumvi, na ukimwagilia kwa kubana, chumvi inabaki kwenye udongo ikingoja mvua za baridi ziioshe. Mvua zisipokuja miaka miwili au mitatu mfululizo, mkulima aliyefuata ushauri wa watafiti anajikuta na udongo unaochoma mizizi. Njia hii inahitaji mtu anayepima udongo mara kwa mara, na huduma za ugani za namna hiyo ni chache kusini mwa Mediterania.

Sasa mbegu. Kituo kinachotajwa zaidi ni ICARDA, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo katika maeneo makavu, kilichoanzishwa mwaka 1977 na kuwa na makao Tel Hadya, karibu na Aleppo. Vita vya Syria vilipokifukuza, hazina yake ya mbegu iliokolewa na nakala zilizohifadhiwa katika ghala la mbegu la dunia huko Svalbard, Norway. Mwaka 2015 ICARDA ikawa taasisi ya kwanza kuchota mbegu kutoka hifadhi hiyo, ikazizalisha upya Lebanon na Moroko, na mwaka 2017 ikaanza kurudisha nakala. Humo mna ngano za kienyeji na jamaa zake wa porini, mimea iliyozoea ukame tangu enzi na enzi. Kazi ya aina hiyo ndiyo iliyozaa Jabal, ngano ngumu ya kutengenezea tambi na kuskusi, iliyopatikana kwa kupandanisha ngano ya shambani na jamaa yake wa porini.

Mbegu hizi zina mipaka, na ni vizuri kuisema wazi kwa sababu wauzaji hawaisemi. Mmea hujenga mwili wake kwa kufungua stomata, yale matundu madogo ya jani, ili uvute hewa ukaa; ukiyafungua, maji yanatoka. Ukiyafunga kuhifadhi maji, mmea haukui. Hakuna mbegu iliyovunja sheria hiyo. Ngano nyingi zinazoitwa stahimilivu huukwepa ukame kwa kukomaa mapema, au hutuma mizizi chini zaidi. Mwaka mbaya zinakupa kitu badala ya sifuri. Mwaka wenye mvua nzuri, ile iliyowahi kukomaa inaweza kuzidiwa na mbegu ya kawaida, na mkulima anaiona tofauti hiyo kwa macho yake. Ndiyo maana wengi husita kuzipanda.

Pale mbegu na maji vinapokutana ndipo naona tumaini kubwa zaidi. Theib Oweis na wenzake wa ICARDA walionyesha kaskazini mwa Syria kwamba ngano inayotegemea mvua, ikiongezewa maji kidogo wakati wa kuchanua na kujaza punje, hutoa hadi kilo 2.5 za ziada kwa kila mita ya ujazo ya maji hayo. Ngano inayomwagiliwa mwanzo mwisho hutoa kama kilo 0.75 tu kwa kipimo hichohicho. Walikuta pia kwamba ukitoa nusu ya nyongeza inayohitajika, mavuno hupungua kwa asilimia 10 hadi 20, wala hayapungui nusu. Kwa nchi inayokula ngano kila siku, hayo ni matokeo ya kubadili sera.

Ila Syria hiyohiyo inatufundisha upande wa pili. Visima vilichimbwa kwa wingi, dizeli ikawa na ruzuku, serikali ikawa inainunua ngano kwa bei nzuri, na maji ya ardhini yakashuka mwaka hadi mwaka. Utafiti ulisema ongeza kidogo. Hakuna aliyemzuia mtu kuongeza mengi.

Ndiyo sababu nasimama na wanaotaka ukomo wa maji uwekwe kwanza, kisha teknolojia ifuate. Bonde lipimwe, kiasi kinachoweza kuchotwa kijulikane, kigawanywe, kila kisima kifungwe mita. Matone na mbegu vikija baada ya hapo, vinamsaidia mkulima kuishi ndani ya mgao wake. Vikitangulia, vinampa uwezo wa kuchota hadi tone la mwisho. Mwanzoni mwa 2024 bwawa la Al Massira, la pili kwa ukubwa nchini Moroko, lilikuwa na maji chini ya asilimia 5 ya uwezo wake, na skimu kubwa ya umwagiliaji ya Doukkala ilikuwa imekaa miaka bila maji ya bwawa. Huko mabomba ya matone yalikuwa tayari yamewekwa katika maeneo mengi.

Kuweka ukomo kuna wahanga, na wanaouhubiri wakiwa mijini wakumbuke hilo. Mwenye hekta 200 za michungwa atachimba kisima kirefu zaidi au atahamia biashara nyingine. Mwenye hekta mbili atauza. Moroko iliondoa ruzuku ya umwagiliaji kwa matikiti maji, parachichi na mashamba mapya ya machungwa mwaka 2022, hatua sahihi iliyochelewa. Huko Huelva, Hispania, mashamba ya stroberi yamechota maji ya ardhini yanayoilisha Doñana, hifadhi maarufu ya ardhi oevu, na ziwa la Santa Olalla ndani ya hifadhi hiyo likakauka kabisa 2022 na tena 2023. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilikuwa imeshaikuta Hispania na hatia mwaka 2021 kwa kushindwa kuilinda Doñana dhidi ya uchotaji huo. Mwishoni mwa 2023 serikali kuu na ya jimbo la Andalusia zilikubaliana mpango wa euro bilioni 1.4, ukiwemo ulipaji wa wakulima watakaokubali kuacha kumwagilia. Fedha hiyo Ulaya inayo. Tunisia na Moroko hazina ya kiasi hicho, na matunda na mboga nyingi za mashamba yao huishia kwenye meza za Ulaya hiyohiyo.