Plazma: Msinisifie Moto

Kila ninaposoma habari za mtambo wa kuteketeza sumu kwa plazma, yaani gesi iliyopigwa umeme hadi elektroni zikabanduka kwenye atomu, joto ndilo linalotangulia: nyuzi 10,000 na zaidi, hata uso wa jua haufikii hapo. Haya, nimesikia. Ila kwa maoni yangu joto ndilo jambo jepesi kuliko yote katika kazi hii.

Tuchukue mafuta ya PCB, yale yaliyokuwa yakijazwa kwenye transfoma. Yalipendwa kwa kuwa hayashiki moto ovyo, na kwa sababu hiyohiyo yanatusumbua leo, maana klorini imeng'ang'ania kaboni na haibanduki. Yapitishe kwenye plazma ya gesi ya agoni, na kufumba na kufumbua molekuli zimesambaratika hadi atomu. Hapo watu hupiga makofi. Mimi jicho langu liko kwenye mlango wa kutokea. Gesi hiyo ikipoa polepole, ikachelewa kati ya nyuzi 450 na 200, vipande hutafutana upya na vinaweza kuzaa daioksini, sumu kali zaidi, yaani umefukuza mwizi ukamkaribisha jambazi. Waaustralia waliobuni mtambo wa PLASCON walilijua hilo: gesi ikitoka tu, inamwagiwa maji ya alkali papo hapo, na klorini inaishia kuwa chumvi. Fahari ya mtambo ule, ukiniuliza, ni kile kinyunyizio.

Kwa PFAS, zile kemikali sugu zenye florini, zilizomo majini kuna plazma baridi, na hapa nakiri nimevutiwa. Zinazochemka ni elektroni. Maji yenyewe hayafikii kuchemka. Kemikali hizi zina tabia ya sabuni: kichwa kinapenda maji, mkia unayakimbia. Basi hupulizwa viputo vya agoni kutoka chini, nazo zinavidandia hadi juu na kujipanga usoni mwa maji, palepale vijiradi vya plazma vinapopiga. Zimetegwa kwa tabia yao wenyewe!

Shida ni mikia mifupi. PFOA, mojawapo ya hizo PFAS, yenye kaboni nane, ikikatwakatwa huacha vijukuu vyenye kaboni chache, ambavyo havipandi na viputo kwa urahisi, hivyo vinabaki chini vikiogelea salama. Kisha inakuja ripoti kwamba PFOA imetoweka. Imetoweka kwenda wapi? Mtu akikata gogo vipande vitatu, gogo halipo tena, lakini kuni zote zimejaa uani.

Kwa hiyo mtu akiniletea mtambo wake, sitauliza habari za joto wala umeme, ingawa umeme unaoliwa si haba. Nitaomba hesabu ya floridi, yaani florini iliyokwisha kubanduka kwenye kaboni. Molekuli moja ya PFOA ina florini 15. Ukinionyesha sita tu zilizogeuka floridi, nitakaa hapo hapo nikisubiri uniambie zile tisa ziko majini bado, au zimepaa na viputo.