Gramu 100 na wataalamu wa "sheria ni sheria"

Juzi nimemwona tena mtu akimtaja Vinesh Phogat, mwanamieleka wa India aliyeondolewa kwenye Olimpiki ya 2024 kwa kuzidi uzito gramu 100, kama "yule aliyeshindwa kujizuia kula". Basi, imeisha hapo. Zaidi ya miaka kumi ya mieleka ya kimataifa imefupishwa ikawa sahani ya chakula. Na walionikera zaidi ni wale waliojitokeza kumtetea kinafiki: inauma kwa kweli, lakini sheria ni sheria. Haya, tuizungumze hiyo sheria, maana wanaoisifu sana naona ndio hawajaisoma.

Tarehe 6 Agosti 2024, Olimpiki ya Paris, mieleka ya wanawake kilo 50. Asubuhi Vinesh kapanda mzani, uzito uko sawa. Pambano la kwanza kapangiwa Yui Susaki wa Japani, bingwa mtetezi, aliyebeba dhahabu ya Tokyo bila kufungwa hata pointi moja na ambaye hakuna mwanamieleka wa nchi nyingine aliyewahi kumshinda. Ukipangiwa mtu wa namna hiyo mwanzoni kabisa, ndugu na jamaa wanaanza kukupa pole mapema. Vinesh akawa nyuma 0-2 mpaka sekunde za mwisho, kisha akamkamata na kumwangusha. Wajapani wakapinga uamuzi, pingamizi likakataliwa, pointi moja ikaongezwa juu yake: 3-2. Mimi nilipiga kelele mpaka nikaulizwa kuna nini. Baada ya hapo akamtoa Oksana Livach wa Ukraine 7-5, na jioni kwenye nusu fainali akamfunga Yusneylis Guzmán wa Cuba 5-0. Mwanamke wa kwanza wa India kuingia fainali ya mieleka ya Olimpiki.

Usiku ule hakulala. Alikimbia, akajifungia kwenye sauna, akanyimwa maji, akakatwa nywele, hata nguo yake ikapunguzwa. Asubuhi ya tarehe 7 mzani ukasoma kilo 50 na gramu 100. Fainali ikaota mbawa.

Sasa hapa ndipo wataalamu wetu wanapojifanya hawaoni. Kama sheria ingesema "umezidi uzito, fainali hupigani, chukua medali yako ya fedha ukalale", ningenung'unika na kunyamaza. Sheria haisemi hivyo. Inasema ukizidi kwenye mzani wa siku ya pili, unaondolewa kwenye mashindano mazima na kuandikwa wa mwisho. Yaani mapambano matatu aliyoshinda akiwa na uzito halali, uliopimwa na maofisa haohao, yamefutwa. Guzmán aliyefungwa 5-0 jana yake akaingizwa fainali dhidi ya Sarah Hildebrandt wa Marekani na kuondoka na medali ya fedha. Simlaumu dada wa watu, kaitwa kaja.

Lakini kuna jambo tamu zaidi, na sijakutana na mtu wa "sheria ni sheria" aliyelijibu. Kwenye mieleka, ukipigwa na mtu ambaye baadaye anafika fainali, unapewa nafasi ya pili ya kuwania shaba. Susaki na Livach walipata nafasi hiyo kwa sababu moja tu: walipigwa na Vinesh. Vinesh alipofutwa, wao hawakufutwa. Pambano lao likageuzwa kuwa pambano la medali ya shaba lenyewe, na Susaki akashinda. Kwa hiyo ushindi wa Vinesh ulikuwa halali vya kutosha kumpa Susaki njia ya kwenda kwenye shaba, ila haukuwa halali vya kutosha kumpa Vinesh chochote. Kipigo kimebaki kwenye hesabu, aliyekitoa hayupo. Nielezeeni hiyo ni haki ya wapi.

Sawa, najua sheria ilitungwa kwa nini. Zamani watu walikuwa wanapima uzito siku moja kabla, wanajikausha mpaka midomo inapasuka, wakishapima wanarudisha kilo kadhaa na kupanda mkekani wakiwa wakubwa kuliko wapinzani wao. Kuanzia 2018 wakaweka kupima asubuhi, siku zote mbili, ili watu wapigane na miili yao ya kweli. Nia nzuri. Tena Hildebrandt alipima akapita, na wengine pia. Na kwa kuwa mtaniletea nitaisema mwenyewe: Vinesh aliwahi kuondolewa kwa uzito kule Mongolia mwaka 2016 kwenye mchujo wa Olimpiki, akazidi gramu 400. Mzani haukuwa mgeni kwake. Nimekubali, tuendelee.

Uzembe? Kikosi hichohicho cha India kilikuwa na kijana anaitwa Aman Sehrawat, kilo 57. Baada ya nusu fainali usiku alikuwa amezidi kwa zaidi ya kilo 4. Wakamkimbiza na kumtoa jasho mpaka alfajiri, asubuhi akapita, akachukua shaba. Nchi nzima ikamsifia nidhamu. Mwaka uliofuata, Ubingwa wa Dunia Zagreb, Aman huyohuyo akapanda mzani amezidi kilo 1.7 na akaondolewa. Nidhamu ilienda wapi, likizo? Wanaoijua mieleka wanajua kwamba mwili haupokei amri kila siku. Kuna usiku unatoa jasho, kuna usiku unakataa, hasa mwili ambao kutwa nzima umepigana mara tatu na ukalazimika kurudishiwa maji na chakula ili usianguke. Kwa mwanamke ongeza na mzunguko wake wa mwezi unaoshika maji upendavyo.

Na kwa nini alikuwa kilo 50 hata hivyo? Shaba zake mbili za dunia, ya 2019 na ya 2022, zote ni za kilo 53. Mwaka 2023, wakati wenzake wanajiandaa, yeye alikuwa amelala barabarani Delhi pamoja na wanamieleka wenzake Sakshi Malik na Bajrang Punia, wakidai Brij Bhushan Sharan Singh, rais wa shirikisho lao, achunguzwe kwa tuhuma za kuwanyanyasa wanamieleka wa kike kingono, tuhuma ambazo mwenyewe alizikana. Tarehe 28 Mei polisi wakawaburuta. Kuna siku walifika mpaka Haridwar kutupa medali zao mtoni Ganga, wakasihiwa wasifanye. Agosti akafanyiwa upasuaji wa goti. Nafasi pekee ya India ya kilo 53 kwenye Olimpiki ikapatikana kupitia mwenzake Antim Panghal, kihalali kabisa, na Vinesh akabakiwa na chaguo la kushuka kilo tatu au kutazama Olimpiki kwenye televisheni. Alishuka. Huyo ndiye anaambiwa hakujizuia kula.

Halafu hawa wanaomjua kwa gramu tu hawajui hata alitoka wapi. Binti wa kijiji cha Balali, Haryana, baba kauawa akiwa mtoto, akalelewa kwenye mieleka na baba yake mkubwa Mahavir pamoja na binti zake, akina Geeta na Babita, katika mazingira ambayo msichana kuvaa nguo ya mieleka ilikuwa aibu ya ukoo. Dhahabu tatu za Jumuiya ya Madola: Glasgow 2014 kilo 48, Gold Coast 2018 kilo 50, Birmingham 2022 kilo 53. Uzito tofauti kila mara! Michezo ya Asia Jakarta 2018, dhahabu, mwanamke wa kwanza wa India kuipata kwenye mieleka. Rio 2016 alitolewa kwa machela, goti limeharibika mbele ya Sun Yanan. Mtu akirudi kutoka kwenye machela ile na kushinda yote yale, wewe na kibodi yako unamfundisha nidhamu?

Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ilikataa ombi lake la kupewa medali ya fedha kwa pamoja na Guzmán. Watu wanapenda kuitaja hukumu hiyo kama rungu. Someni ndani: msuluhishi alisema kwamba yaliyompata hayakutokana na kosa wala udanganyifu wowote, na kwamba adhabu yenyewe ni kali kupita kiasi. Alifungwa mikono na kanuni ilivyoandikwa. Kanuni huandikwa na watu, na watu wanaweza kuiandika upya: anayeshindwa mzani wa siku ya pili apoteze pambano la siku ya pili. Sentensi moja tu.

Alistaafu siku moja baada ya kuondolewa, akaingia siasa, Oktoba akashinda ubunge wa jimbo la Julana, 2025 akapata mtoto. Desemba akatangaza kwamba anarudi, anaitaka Los Angeles 2028. Atakuwa na miaka 33. Sina hakika kama goti litakubali, na simwombei lolote kubwa. Ila safari hii, dada yangu, pigania kilo 53.