Kabla ya Kuhesabu Magari, Wataje Wapigaji

Mashabiki wa sinema ya The Blues Brothers wakikutana, hawachelewi kufika kwenye magari. Yaliharibiwa magari 103, atasema mmoja. Mwingine atadakia kwamba ile anwani ya 1060 West Addison iliyo kwenye leseni ya udereva ya Elwood, mmoja wa ndugu wawili wa sinema hiyo, ni ya uwanja wa besiboli wa Wrigley Field, ndiyo maana wanaomsaka wanajikuta getini kwa uwanja. Wa tatu atakumbusha kwamba yule karani anayepokea fedha za kodi mwishoni ni mwongozaji sinema Steven Spielberg mwenyewe, na kwamba jengo la maduka linalovurugwa na magari ya polisi lilikuwa Dixie Square, mjini Harvey, lililokuwa limeshafungwa tangu 1978.

Yote ni kweli, na mimi huyasikiliza kwa furaha kila yanaporudiwa. Lakini sinema hii imebeba jina la muziki, na katika kumbukumbu zote tunazopeana, yenye thamani kubwa kuliko nyingine ni majina ya waliopiga huo muziki. Ndiyo tunayoyafikia mwisho, tena mara nyingi hatuyafikii kabisa.

Kwa ambaye hajaiona: ni sinema ya vichekesho na nyimbo ya mwaka 1980, iliyoongozwa na John Landis. Jake, aliyeigizwa na John Belushi, anatoka gerezani Joliet. Yeye na nduguye Elwood, yaani Dan Aykroyd, wanaikusanya upya bendi yao ili kutafuta dola 5,000 za kodi za kukiokoa kituo cha watoto yatima walikolelewa. Suti nyeusi, kofia nyeusi, miwani myeusi. Hayo yanatosha.

Sasa nenda pale ndugu hao wanapofika Maxwell Street, Chicago. Kabla hawajaingia mgahawani kwa mhusika anayeigizwa na mwimbaji Aretha Franklin, kuna bendi inapiga nje, watu wamejaa, soko limechangamka. Anayeimba ni John Lee Hooker, mkongwe wa blues, muziki wa Wamarekani Weusi, na wimbo ni Boom Boom, aliourekodi miaka ya 60 mwanzoni kwa kampuni ya Vee-Jay ya Chicago hiyohiyo. Nyimbo nyingi za sinema hii zilirekodiwa studio kwanza, kisha waigizaji wakafuatisha midomo. Huu uliimbwa na kurekodiwa palepale barabarani, na sikio linalijua hilo mara moja: sauti ina vumbi la mtaa.

Tazama waliomzunguka. Anayepuliza harmonika ni Big Walter Horton. Kwenye kinanda yupo Pinetop Perkins, kwenye ngoma Willie "Big Eyes" Smith, besi Calvin "Fuzz" Jones, gitaa Luther "Guitar Junior" Johnson. Ukimwondoa Horton, hao walikuwa wapigaji wa bendi ya mwimbaji Muddy Waters wakati ule, bendi iliyoshika kilele cha blues ya Chicago. Katika mwaka huohuo wa 1980, Perkins, Smith na Jones walimwacha Muddy wakaunda kundi lao. Horton alifariki Desemba 1981. Kamera iliwawahi kwa nafasi ndogo mno, na iliwawahi katika sinema ya kuchekesha, si katika filamu ya historia.

Halafu ukienda mwisho wa sinema kusoma majina, Hooker ameandikwa kama mhusika anayeitwa Street Slim. Ukinunua santuri ya nyimbo za sinema, Boom Boom haimo. Aretha yumo, Ray Charles yumo, James Brown yumo, Cab Calloway yumo, na wanastahili. Ila mtu aliyepiga blues tupu, kwenye barabara iliyoilea blues ya mji ule, ndiye aliyeachwa nje ya santuri ya kitu kinachoitwa The Blues Brothers. Hilo linaniuma hadi leo. Kama mashabiki wasingekuwa na tabia hii ya kuulizana "yule mzee wa harmonika ni nani?", majina hayo yangebaki kwa wataalamu wachache tu.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema chemsha bongo za mashabiki ni mambo ya watu wasio na kazi. Swali moja dogo linaweza kukufikisha mbali. Ukianza kwa kumuuliza mpiga kinanda wa Maxwell Street ni nani, utafika Februari 2011, Perkins alipotwaa tuzo ya Grammy akiwa na miaka 97, umri ambao hakuna mshindi aliyekuwa ameufikia kabla yake. Albamu ile alishirikiana na Willie Smith, yuleyule mpiga ngoma wa barabarani. Wote wawili walifariki kabla mwaka ule haujaisha.

Na barabara yenyewe? Maxwell Street ilikuwa soko la Jumapili ambako wahamiaji Weusi kutoka Mississippi walivuta nyaya za umeme kutoka madukani na nyumba za jirani ili magitaa yao yasikike katikati ya kelele za wauzaji. Mwaka 1994 soko likahamishwa kupisha upanuzi wa Chuo Kikuu cha Illinois. Majengo mengi yaliyoonekana kwenye sinema hayapo tena.

Najua lawama inayotolewa, na ina uzito: wachekeshaji wawili Wazungu walivaa muziki wa watu Weusi na albamu yao ya kwanza, ya 1978, ikafika namba moja kwenye chati kuu ya albamu Marekani, mahali ambapo Hooker hakuwahi kufika. Siwatetei kwa hilo. Ninachosema ni kwamba walichagua wapigaji halali. Steve Cropper na Donald "Duck" Dunn, gitaa na besi, walitoka Memphis, kwenye studio ya muziki wa soul ya Stax. Katika Soul Man ya Sam & Dave, mwaka 1967, mwimbaji anamwita Steve kwa jina apige gitaa. Belushi alipourudia wimbo huo alimwita Steve vilevile, na aliyeitikia ni Steve yuleyule. Wapenzi wa dansi na rumba wanaijua heshima hiyo, mpiga solo kutajwa katikati ya wimbo ili dunia imjue. Nikiisikia hapo, nawasamehe akina Belushi mengi.

Wa mwisho ninayemtaja ni Matt "Guitar" Murphy, mzaliwa wa Mississippi. Katika sinema ni mpishi mwenye aproni, mume wa Aretha, anayeimbiwa Think kwa hasira ili asiiache nyumba. Watu humkumbuka kama mume aliyegombezwa. Kabla ya hapo alikuwa amepiga na wakali wa blues Howlin' Wolf, Memphis Slim na James Cotton, na mwaka 1963 alizunguka Ulaya kwenye maonyesho makubwa ya blues. Picha za maonyesho hayo zipo mtandaoni. Tafuta ile anayopiga Matt's Guitar Boogie, uangalie mkono wake wa kushoto, kisha urudi kumtazama tena akiwa jikoni.